Sahihi yako imeuza kampuni na wewe hukuwepo

Ukituma shilingi hamsini kwa simu kutoka Kitale kwenda Bungoma, meseji inaingia kabla hujarudisha simu mfukoni. Inakuambia umetuma ngapi, kwa nani, saa ngapi, na umebaki na ngapi. Lakini hisa zako za kampuni, zile ulizonunua kwa jasho la misimu mitatu ya mahindi, zinaweza kuhamishwa kwa karatasi moja yenye sahihi inayofanana na yako. Unakuja kujua siku unaenda kubadilisha laini ya till, unaambiwa, "Pole mama, jina lako haliko kwa wakurugenzi."

Kuna atakayeuliza: blogu ya malipo ya simu inaingiliaje mambo ya hisa na wakurugenzi? Si hayo ni ya mawakili? Jibu langu ni kwamba mtu hagushi sahihi ya mwenzake apate karatasi ya kutundika ukutani. Anataka pesa, na siku hizi pesa ya kampuni ndogo haikai kwenye sefu wala kwenye kitabu cha hundi. Inakaa kwenye till na paybill. Kwa hiyo mwizi wa kampuni, hata akianzia kwa Msajili, mwisho wa safari yake ni kwetu. Ndiyo maana ninataka tuzungumze wazi.

Mkurugenzi na mwenye hisa

Tuanze na kitu ambacho wengi huchanganya. Mwenye hisa ndiye mmiliki. Mkurugenzi ndiye msimamizi. Kwenye kampuni nyingi za huku kwetu mtu mmoja huvaa kofia zote mbili, ndiyo maana tunadhani ni kitu kimoja. Sivyo. Unaweza kuondolewa ukurugenzi na hisa zako zikabaki zako. Unaweza pia kuuza hisa zako zote na ukaendelea kuwa mkurugenzi. Kwa hivyo mtu akitaka kukutoa kabisa anahitaji karatasi za aina mbili: moja ya kukutoa kwenye uendeshaji na nyingine ya kukunyang'anya umiliki.

Ukijua hilo utaelewa kwa nini ni muhimu kuuliza maswali mawili, si moja. Wakikuambia, "Wewe si mkurugenzi tena," swali lako la pili liwe, "Na hisa zangu?"

Kuna pia tofauti ya kampuni na jina la biashara. Duka nyingi za Kitale na Bungoma zimesajiliwa kama jina la biashara tu. Hizo hazina hisa wala wakurugenzi. Mwenye jina ndiye mwenye biashara. Hapa tunazungumzia kampuni, ile ambayo jina lake huishia na "Limited".

Njia wanayopitia

Chukua mfano huu, ambao ni wa kutunga. Kuna kampuni ya nafaka yenye wenye hisa wawili, nusu kwa nusu, na wote ni wakurugenzi. Mmoja ni mama anayekaa Kitale, ananunua mahindi kwa wakulima na kuyakausha. Mwingine ni shemeji yake aliye Bungoma mjini, anayeuza kwa jumla. Miaka ya kwanza mambo ni shwari. Karatasi zikihitajika, shemeji anasema, "Wacha nikusumbulie nini shemeji, nitashughulikia mimi." Naye mama anajibu, "Asante shemeji, Mungu akubariki."

Siku biashara inaponoga, karatasi tatu zinatengenezwa. Ya kwanza ni kumbukumbu za mkutano ambao haukufanyika, zikisema mama alihudhuria na akakubali. Ya pili ni barua yake ya kujiuzulu ukurugenzi. Ya tatu ni fomu ya kuhamisha hisa, ikisema ameuza hisa zake zote kwa bei fulani na amelipwa. Zote zina sahihi yake, na hakuna hata moja aliyoitia yeye.

Baada ya hapo karatasi zinaanza kupata nguvu kidogo kidogo. Fomu ya hisa inapelekwa kukadiriwa ushuru wa stempu, ambao kwa hisa za kampuni isiyo kwenye soko la hisa ni asilimia 1. Ushuru unalipwa, na risiti ya KRA inayotoka ni halali kabisa. Nyaraka zinapigwa picha na kupakiwa kwenye eCitizen. Mabadiliko yakishaingia kwenye rekodi, inatolewa CR12 mpya yenye jina moja. Kisha CR12 hiyo, pamoja na azimio la bodi, inapelekwa benki na kwa kampuni ya malipo: "Tafadhali badilisheni msimamizi wa till yetu."

Angalia jinsi ilivyopangwa. Kila ofisi imeona karatasi ambayo ofisi iliyotangulia imeipokea. KRA imeona fomu. Msajili ameona risiti ya KRA. Benki imeona CR12 ya Msajili. Kampuni ya malipo imeona CR12 na azimio. Uongo ni mmoja tu, ule wa mwanzo, na kila mhuri unaogongwa juu yake unaufanya uonekane mkweli zaidi. Na kote huko hakuna aliyempigia mama wa Kitale simu.

CR12 inajibu swali gani

Wakenya tumeizoea CR12 kama kitambulisho cha kampuni. Ni hati muhimu na hatuwezi kufanya kazi bila hiyo. Inaonyesha wakurugenzi ni akina nani, wenye hisa ni akina nani, na kila mmoja ana hisa ngapi, kulingana na rekodi za Huduma ya Usajili wa Biashara, yaani BRS, siku ile hati ilipotolewa.

Lakini CR12 haijui rekodi hiyo ilifikaje pale. Msajili hana mtaalamu wa mwandiko anayekaa kando ya kila ombi akilinganisha sahihi. Anapokea nyaraka zinazoonekana kamili na kuziingiza. Kwa hiyo anayekuonyesha CR12 na kusema, "Haya, kesi imeisha," anakupa jibu la swali ambalo hukuuliza. Wewe hujauliza rekodi inasema nini. Umeuliza ni nani aliyeibadilisha na kwa ruhusa ya nani.

Sheria inasimama wapi

Sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sahihi ya kughushi haihamishi kitu. Mwaka 1906, mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya Ruben dhidi ya Great Fingall Consolidated. Katibu wa kampuni alikuwa ameghushi sahihi za wakurugenzi wawili kwenye cheti cha hisa na kugonga muhuri halisi wa kampuni. Watu wakatoa mkopo kwa kuamini cheti hicho. Mahakama ikasema cheti ni bure na kampuni haifungwi nacho. Muhuri ulikuwa wa kweli, lakini haukuweza kuokoa sahihi za uongo. Sheria yetu ya kampuni ina mizizi huko, na wazo hilo limebaki.

Hapa nyumbani, Sheria ya Kampuni ya 2015 inaeleza jinsi mkurugenzi anavyoondolewa. Kifungu cha 139 kinawapa wenye hisa uwezo huo, kwa kura kwenye mkutano, na notisi maalum ya siku 28 inahitajika. Mkurugenzi anayetolewa ana haki ya kujitetea. Kwa hiyo kutolewa kimya kimya, bila barua, bila mkutano, na bila nafasi ya kusema neno, tayari kuna kasoro hata kabla hatujaangalia sahihi. Kifungu cha 780 kinampa mwenye hisa nafasi ya kwenda mahakamani akiona kampuni inaendeshwa kwa njia inayomdhulumu. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 349, inaweka kifungo cha hadi miaka 3 kwa kughushi hati ambayo haikuwekewa adhabu nyingine.

Sasa ukweli mchungu. Anayedai sahihi imeghushiwa ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Tangu kesi ya R.G. Patel dhidi ya Lalji Makanji ya mwaka 1957, mahakama za Afrika Mashariki zimeshikilia kwamba madai ya ulaghai lazima yaelezwe waziwazi na yathibitishwe kwa kiwango kilicho juu kidogo ya kile cha kesi za madai za kawaida. Kusema tu, "Hiyo si sahihi yangu," hakutoshi. Mwenzako naye atasema ni yako. Utahitaji mtaalamu wa nyaraka, mashahidi, na kumbukumbu za siku ile. Hapo ndipo wengi wenye haki hukwama, kwa sababu hawakuweka kitu.

Kitale tunalijua hili jambo

Watu wa Trans Nzoia hawahitaji kufundishwa kwamba orodha ya wenye hisa ni kitu kizito. Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi yalinunuliwa na watu waliochanga pesa kupitia kampuni na vyama vya ushirika. Jina lako kuwa kwenye rejista ndiko kulikuwa kupata shamba. Kuna familia ambazo mpaka leo zinabeba cheti cha hisa cha babu kwenye mfuko wa nailoni, kutoka ofisi hii hadi ile.

Na hapo hapo mjini kuna Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1956. Serikali, kupitia Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, ilikuwa na zaidi ya nusu ya hisa. Kisha hisa mpya zikatolewa kwa watu wengine, na fungu la ADC likashuka chini ya nusu. Mwaka 2003 serikali mpya iliingilia kurudisha usimamizi wake, na mvutano ukaingia mahakamani. Ule haukuwa mzozo wa sahihi ya kughushi, na ninautaja kwa sababu nyingine. Unaonyesha kwamba unaweza kupoteza usukani bila hisa yako hata moja kuguswa. Inatosha hisa mpya zigawiwe wengine. Kama shirika la serikali lenye mawakili lilifika hapo, mwenye posho mill wa Kiminini asiseme, "Mimi hisa zangu ziko, sina wasiwasi." Usiangalie tu kama jina lako liko. Angalia uko na asilimia ngapi.

Sahihi ya siku hizi iko saiba

Hapa ndipo nina maoni ambayo huenda yakawaudhi wengine. Tunaogopa sana kalamu, na tunasahau nywila. Leo maombi ya kubadilisha mambo ya kampuni yanapitia eCitizen. Tangu marekebisho ya sheria za biashara ya mwaka 2020, sahihi ya kielektroniki inakubalika pia kwenye shughuli nyingi, na muhuri wa kampuni si lazima tena. Mabadiliko hayo ni mazuri. Yamepunguza safari za Nairobi. Lakini yamehamisha mlango. Mlango wa kampuni yako sasa ni akaunti yako ya eCitizen, barua pepe yako na laini yako ya simu.

Na hiyo akaunti ulifungua wapi? Wengi walifunguliwa saiba. "Kijana, nifungulie hiyo eCitizen." "Sawa mama, uko na email?" "Sina." "Basi tutatumia ya hapa." Ndivyo ilivyo. Barua pepe ni ya saiba, nywila imeandikwa kwenye daftari ya kijana, na swali la siri ni jina la mji. Kwa wengine mambo ni mabaya zaidi: barua pepe ni ya mshirika, laini ya till ni ya mshirika, na PIN ya KRA ya kampuni iko kwa mhasibu wa mshirika. Mtu wa namna hiyo ameshatia sahihi karatasi tupu, ila hajui.

Ongeza jambo hili: kampuni binafsi ambayo mtaji wake uliolipwa haujafika shilingi milioni 5 hailazimiki kuwa na katibu. Kwa hiyo kampuni nyingi ndogo hazina mtu yeyote ambaye kazi yake ni kutunza rejista na kuuliza, "Huu mkutano ulifanyika lini?" Mlinzi ni wewe mwenyewe.

Rekodi zako za malipo ni mashahidi

Habari njema ni kwamba mtumiaji wa pesa za simu ana ushahidi ambao baba zetu hawakuwa nao. Rudi kwa mfano wetu. Fomu inasema mama aliuza hisa na akalipwa. Sawa, alilipwaje? Pesa nyingi haiendi kwa hewa. Ikiwa ni kwa simu, ingeonekana kwenye taarifa yake. Ikiwa ni benki, ingeonekana benki. Ikiwa wanasema ni taslimu, waonyeshe ilitolewa wapi. Taarifa safi ya miezi ile, isiyo na malipo kama hayo, haimalizi kesi, lakini inamfanya mwenye fomu aanze kujieleza.

Kumbukumbu za mkutano nazo zinasema walikutana Kitale saa nne asubuhi. Taarifa ya simu ya mama inaonyesha kwamba saa nne na dakika kumi alilipa kwenye till ya duka la dawa Bungoma. Upande wa pili watasema simu alikuwa nayo mtu mwingine, na wana haki ya kusema hivyo. Lakini ukiweka pamoja malipo hayo, risiti ya hospitali na jirani aliyekuwa naye, hadithi ya mkutano inaanza kuvuja.

Kuna masharti. Picha ya skrini peke yake ni ushahidi dhaifu. Omba taarifa kamili kutoka kwa mtoa huduma wako. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inahitaji rekodi ya kielektroniki iandamane na cheti kinachoeleza ilitolewa vipi na kwenye kifaa gani. Wakili wako atalishughulikia hilo. Pia usifute meseji kwa sababu simu imejaa. Zihamishe kwanza.

Na ushahidi huu unafanya kazi pande zote. Kama kweli unanunua hisa za mwenzako kwa uaminifu, mlipe kwa njia inayoacha alama, na usilipe taslimu chini ya mti. Siku watoto wake watakapokuuliza, utakuwa na jibu.

Sisi watu wa malipo tufanye nini

Nimesema mwizi mwisho wake ni kwetu, kwa hiyo nisiwanyoshee wengine kidole pekee. Maoni yangu ni kwamba kampuni yoyote ya malipo inapoletewa CR12 mpya inayomwondoa msimamizi wa till, isibadilishe kitu kabla ya kumjulisha yule anayeondolewa, kwenye namba yake ya zamani, na kumpa siku chache za kupinga. Meseji moja tu. Tunatuma mamilioni ya meseji za shilingi hamsini. Hatuwezi kushindwa na hii.

Vivyo hivyo kwa Msajili. Naamini kila mkurugenzi na kila mwenye hisa anapaswa kupata taarifa kwenye namba yake iliyothibitishwa kabla ya mabadiliko kuanza kufanya kazi, na ombi lisubiri. Uingereza, waliotupa mfumo huu, kwa miaka mingi walisajili wakurugenzi bila kuthibitisha ni akina nani, na watu wakakuta majina yao kwenye kampuni wasizozijua. Walibadilisha sheria mwaka 2023, na kuanzia tarehe 18 Novemba 2025 mkurugenzi mpya lazima athibitishe utambulisho wake. Kama wao wameona haja, sisi hatuna sababu ya kuona aibu.

Wapo watakaosema hili litachelewesha biashara. Ni kweli, litachelewesha kwa siku chache. Lakini mtu hauzi kampuni kila wiki. Kuchelewesha jambo linalotokea mara moja kwa miaka mitano ili asiye mwenyewe asiuze, mimi naona ni bei nafuu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kama tutafunga till kila mtu anapolalamika, mshirika mkorofi ataandika barua ya uongo ili amkabe mwenzake. Wakulima waliopeleka mahindi hawatalipwa, na vijana wa kupakia magunia watalala njaa kwa ugomvi usio wao. Kwa hiyo sipendekezi kufunga tu. Napendekeza hivi: mlalamishi akileta namba ya OB au kesi iliyowasilishwa, mabadiliko ya msimamizi yasimame kwa muda mfupi unaojulikana, pesa za wateja ziendelee kuingia, na kutoa kuzuiwe au kuhitaji idhini ya pande zote. Muda ukiisha, mahakama ndiyo iseme. Kampuni ya malipo isijifanye hakimu, na pia isijifanye kipofu.

Fanya haya kabla ya ugomvi

Kwanza, chukua CR12 ya kampuni yako angalau mara mbili kwa mwaka. Unaomba kwenye eCitizen, na gharama yake haifiki bei ya gunia la mahindi. Kama mtandao unakusumbua, nenda Huduma Centre ya Kitale au ya Bungoma. Soma majina, hesabu hisa, angalia asilimia.

Pili, rudisha akaunti zako mkononi mwako. Fungua barua pepe yako mwenyewe, badilisha nywila ya eCitizen na iTax, na hakikisha namba ya simu iliyoko huko ni yako na laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako. OTP ni sahihi yako. Usimsomee mtu kwa simu, hata kama ni ndugu.

Tatu, kwenye till na paybill wekeni watu wawili: mmoja aanzishe malipo, mwingine aidhinishe. Kila mmoja awe na PIN yake. PIN ya kugawana ni kama ufunguo uliochongwa nakala kumi.

Nne, usitie sahihi karatasi tupu, wala ukurasa wa mwisho pekee wa hati ambayo hujaona kurasa za mbele. "Tia tu hapa shemeji, zingine nitajaza," ni maneno ya kukataa kwa heshima: "Niletee yote shemeji, nisome leo usiku."

Tano, weka nakala ya cheti chako cha hisa, katiba ya kampuni na kumbukumbu za mikutano mahali pako, si ofisini peke yake. Weka pia nyaraka za zamani zenye sahihi yako halisi, kama mikataba na hundi. Mtaalamu wa mwandiko hulinganisha. Bila cha kulinganisha hana kazi.

Ukigundua limeshatokea

Usikimbilie kuhamisha pesa zote kwenye simu yako. Najua inauma, lakini kesho utakuwa wewe unayeitwa mwizi, na kesi yako nzuri itakuwa imeharibika.

Chukua CR12 ya siku hiyo, kisha omba nakala zilizothibitishwa za nyaraka zilizotumika kukutoa. Mwandikie Msajili pingamizi na ubaki na nakala iliyopokelewa. Ripoti kwa DCI na upate namba ya OB. Wapelelezi wanaweza kuchukua mfano wa sahihi yako na kuipeleka kwa wachunguzi wa nyaraka. Sisitiza hati ya asili itafutwe, kwa kuwa picha iliyopakiwa haionyeshi mkandamizo wa kalamu. Muone wakili mapema kuhusu zuio. Mahakama Kuu iko Kitale na iko Bungoma, huna haja ya kusafiri Nairobi kutafuta jaji. Siku hiyo hiyo iarifu benki na kampuni ya malipo kwa maandishi. Na mtu akija na karatasi ya "kumaliza mambo kifamilia", wazee waketi, chai inywewe, lakini usitie sahihi mpaka wakili wako asome.

Mwenye hisa akifariki

Sahihi nyingi za ajabu huonekana baada ya matanga. Mtu amezikwa Jumamosi, na baada ya miezi miwili inatokea fomu inayosema alikuwa ameuza hisa zake mwaka uliopita. Hisa za marehemu ni sehemu ya mali yake. Zinafuata Sheria ya Urithi, kwa amri ya mahakama inayomteua msimamizi wa mali, na haziendi kwa yule aliyebaki na simu yake au anayejua PIN. Mjane na watoto, iwe ni boma moja au mawili, waombe CR12 mapema na waiarifu kampuni ya malipo kuhusu kifo. Kuendelea kutoa pesa kwa PIN ya marehemu, hata kwa nia nzuri ya kulipa karo, kunampa mpinzani wenu cha kusema.

Kuaminiana ndiko kunakoanzisha biashara nyingi za huku kwetu, na sitaki mtu amshuku mshirika wake kwa sababu amesoma hapa. Lakini mshirika mwaminifu hatachukia ukisema, "Twende tuchukue CR12 pamoja, kila mtu abaki na nakala." Hiyo ni kazi ya nusu saa. Ifanye wiki hii, kabla msimu wa kununua mahindi haujawachanganya.